Nani atalipia taa za maktaba?

Wakutubi wenzangu wakisikia kwamba kuna miji Marekani inayowauliza wakazi kwa kura kama wajengewe maktaba, huuliza: watu walikubali kweli kujiongezea kodi? Wengi hukubali. Mimi huuliza: walikubali kulipia nini?

Chukua Seattle. Mwaka 1994 jiji liliomba ruhusa ya kukopa kwa hatifungani, yaani hati za deni ambazo jiji huuza na kuzilipa baadaye kwa riba, ili lijenge maktaba. Zaidi ya nusu walikubali, na bado ombi likaanguka, kwa kuwa katika jimbo la Washington hatifungani inayolipwa kwa kodi ya ziada ya majengo lazima ipate asilimia 60. Novemba 1998 ombi lilirudi, la dola milioni 196.4, chini ya mpango ulioitwa Maktaba kwa Wote. Safari hii kila mtaa uliona fungu lake: maktaba kuu mpya, matawi mapya, likiwemo la Delridge, na matawi 22 ya zamani kukarabatiwa, kupanuliwa au kujengwa upya. Karibu asilimia 70 wakasema ndiyo. Naamini mpangilio huo ndio ulioleta kura. Mama anayeishi pembezoni hakuombwa kulipia jumba la watu wa katikati ya mji.

Maktaba kuu, jumba la kioo na chuma lililobuniwa na ofisi ya msanifu majengo Mholanzi Rem Koolhaas, ilifunguliwa Mei 2004.

Lakini fedha za hatifungani ni za kiwanja, zege na rafu. Mshahara wa mkutubi na bili ya umeme hutoka kwenye bajeti ya kila mwaka ya jiji, na bajeti hiyo hunyauka uchumi unapoyumba. Kuanzia 2009 hadi 2012, maktaba zote za Seattle zilifungwa wiki nzima kila mwaka, wafanyakazi wakikaa nyumbani bila malipo. Jambo hili huniuma kila ninapolikumbuka: matawi bado yananukia rangi, na mlangoni kufuli.

Agosti 2012 wakazi wakapiga kura nyingine, ya tozo ya miaka saba, dola milioni 123, kwa ajili ya saa za kufungua, vitabu, kompyuta na matengenezo. Tozo hiyo ilihitaji kuvuka nusu tu, ikapita. Mwaka 2019 wakaidhinisha nyingine ya dola milioni 219, na faini za kuchelewesha vitabu zikafutwa.

Kwetu Kenya hatupigi kura ya namna hii. Bajeti ya maktaba hupitishwa na bunge la kaunti, baada ya vikao vya ushirikishwaji wa umma. Humo ndimo ninamoinua mkono. Wakishaonyesha ramani ya jengo jipya, naomba nionyeshwe ukurasa wenye mishahara ya wakutubi na fedha za vitabu vya mwaka wa pili.