Kinachosafiri ni Wimbi: Jinsi Biti Zinavyopita Kwenye Waya wa Simu

Tangu Dar es Salaam ilipozima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, tumezoea kusema kwamba analojia imekufa na kwamba sasa kila kitu ni dijitali. Kwangu mimi, fundi wa mawasiliano, kauli hiyo ina ukakasi, kwa sababu hewa na waya wa shaba havijui sifuri wala moja. Vinajua tu volti na mawimbi yanayopanda na kushuka. Kilichobadilika ni mapatano kati ya mtumaji na mpokeaji kuhusu maana ya huko kupanda na kushuka. Sijaona mahali ambapo mapatano hayo yanaonekana waziwazi kuliko kwenye laini ya simu ya mezani, na ndiyo maana bado napenda kuifundishia.

Laini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na hupitisha masafa kati ya hezi 300 na 3,400 tu, yaani mizunguko 300 hadi 3,400 ya wimbi kwa sekunde. Ndani ya kompyuta, biti, yaani sifuri au moja, ni volti iliyopo au isiyokuwepo, na mtu anaweza kufikiri kwamba inatosha kuiunganisha volti hiyo na waya wa simu na kuiacha iende. Haiendi. Njiani kuna transfoma na kapasita ambazo hazipitishi umeme usiobadilika, kwa hiyo ukituma biti ishirini za moja mfululizo, upande wa pili utaona mpapatiko mdogo mwanzoni kisha kimya. Ni lazima namba zivishwe vazi ambalo laini inalitambua, yaani sauti inayosikika. Modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, huanza na wimbi tulivu la sauti, ambalo mafundi tunaliita keria, na kwa kweli hufanya kazi ileile ya keria ya baiskeli: lenyewe halina habari yoyote, lakini mzigo hufungwa juu yake.

Wimbi lina mambo matatu yanayoweza kubadilishwa, nayo ni kimo chake, masafa yake, na fezi yake, yaani mahali lilipofika katika mzunguko wake. Kubadilisha kimo peke yake ndiyo njia rahisi kuliko zote, na pia dhaifu kuliko zote, kwa kuwa karibu kila kitu kinachoisumbua laini hugusa kimo kwanza.

Modemu za zamani zilichagua masafa. Katika kiwango cha kimataifa cha V.21, chenye kasi ya biti 300 kwa sekunde, anayepiga simu hutuma sauti ya hezi 980 kwa moja na ya hezi 1,180 kwa sifuri, na anayepokea hujibu kwa hezi 1,650 na 1,850, hivyo wote wawili huweza kusema kwa wakati mmoja bila kuingiliana. Tuchukue herufi M, ambayo katika kompyuta ni 01001101. Modemu hutanguliza sifuri moja ya kuamsha, kisha hutuma biti za herufi kuanzia ya mwisho, yaani 1, 0, 1, 1, 0, 0, 1, 0, na kufunga kwa moja ya kumalizia. Kila biti huchukua milisekunde 3.3, muda ambao wimbi la hezi 980 hupata kuzunguka mara tatu na kidogo tu, na la hezi 1,180 karibu mara nne. Mpokeaji anatakiwa kutofautisha mizunguko mitatu na minne, basi. Neno “habari” lenye herufi sita humaliza biti 60, ambazo ni sehemu ya tano ya sekunde.

Njia hiyo ni imara lakini haiwezi kuharakishwa sana, maana ukifupisha muda wa biti, mizunguko haitoshi tena kuhesabika. Hapo ndipo fezi inapoingia. Waliowahi kuona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja wataelewa haraka: michi yote miwili inakwenda kwa kasi ileile, lakini mmoja unashuka wakati mwingine unapanda. Masafa ni sawa, fezi zimepishana nusu mzunguko. Modemu inaweza kulirusha wimbi lake ghafla mbele kwa robo mzunguko, kwa nusu, kwa robo tatu, au kuliacha liendelee kama lilivyo. Hizo ni hali nne, na hali nne zinatosha kubeba biti mbili kwa mpigo mmoja. Kiwango cha V.22 kilifanya hivyo hasa: mipigo 600 kwa sekunde, biti 1,200. Mpokeaji hana saa ya kumwambia fezi halisi ni ipi, kwa hiyo maana huwekwa katika tofauti kati ya mpigo huu na uliotangulia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubadilisha fezi na kimo kwa pamoja. Ukichora kila mchanganyiko kama nukta kwenye karatasi ya miraba, unapata picha tunayoiita kundinyota. Kundinyota la kiwango cha V.22bis lina nukta 16, na kwa kuwa kila nukta ni biti nne, mipigo ileile 600 sasa hubeba biti 2,400. Ni katika picha hii ndipo nilipoielewa kelele, yaani usumbufu unaojichanganya na wimbi njiani, kwa mara ya kwanza. Miaka mingi iliyopita niliitwa katika ofisi moja ya mji wa pwani ambako modemu ya 28,800 ilikuwa ikishuka hadi 9,600 kila baada ya mvua. Tulipotazama kundinyota kwenye skrini ya kifaa cha kupimia, hatukuona nukta bali mawingu, kila nukta imevimba hadi kumgusa jirani yake. Modemu haikuwa mbovu. Ilikuwa imetambua kwamba haiwezi tena kuzitenganisha nukta, ikachagua kundinyota lenye nukta chache zilizoachana. Ubovu ulikuwa kwenye kiungio cha waya nje ya jengo, kimeshika kutu ya kijani na kujaa maji. Tulikikata, tukaunga upya, na mawingu yakarudi kuwa nukta.

Je, mtu anaweza kuongeza nukta bila kuzisogeza karibu mno? Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 1982 Gottfried Ungerboeck, mtafiti wa IBM huko Zürich, alichapisha mbinu ya kuongeza biti moja isiyo na habari yoyote katika kila mpigo, kisha kuruhusu mifuatano fulani tu ya nukta. Msemaji wa Kiswahili ana mfano wake mdomoni kila siku. Ukisikia “...tabu changu kimepotea”, hata kama upepo umemeza mwanzo wa neno, unajua kilichopotea ni kitabu, kwa sababu upatanisho wa ngeli umeirudia habari hiyo mara mbili zaidi. Modemu za V.32 zilitumia sarufi ya namna hiyo kufikisha biti 9,600.

Hata hivyo sarufi haivunji ukuta. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba uwezo wa njia hutegemea upana wa masafa na uwiano wa ishara kwa kelele. Ukiwa na upana wa hezi 3,100 na uwiano wa desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha uwiano huo), ambao ni wa laini nzuri, hesabu inatoa takriban biti 36,000 kwa sekunde. V.34, iliyofika 33,600, ilikuwa imekwisha kuugusa ukuta huo. Modemu za 56,000 zilizokuja na V.90 mwaka 1998 hazikuuruka, ziliupita pembeni. Swichi za simu, yaani mitambo ya kampuni inayounganisha laini, zilikuwa tayari za dijitali, zikipima sauti mara 8,000 kwa sekunde kwa biti nane, na mtoa huduma ya intaneti aliyeunganishwa nazo kidijitali aliweza kutumia biti saba kati ya hizo bila kelele ya kugeuza analojia kuwa namba. Kwa hiyo kasi ile ilikuwa ya kupokea tu, na mteja alipotuma, alirudi kwenye ukuta uleule.

King'amuzi kilicho juu ya televisheni yako hufanya kazi hiyohiyo hewani, kwa makundinyota yanayofikia nukta 256 katika mfumo wa utangazaji wa televisheni ya dijitali wa DVB-T2. Ving'amuzi vingi huonyesha mistari miwili, nguvu ya ishara na ubora wake, na watu hugeuza antena wakitazama nguvu. Nguvu inaweza kuwa asilimia 90 huku picha ikikatikakatika, kwa kuwa mwangwi wa jengo la jirani umezivimbisha nukta. Geuza antena polepole, na macho yako yawe kwenye mstari wa ubora.