Bandeja ni nini hasa, na kwa nini sio smeshi ya uvivu

Ukianza kucheza padel, ule mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, wawili kwa wawili kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa vioo na wavu wa chuma, wiki ya tatu hivi lazima utamsikia mwenzako anakupigia kelele "bandeja! bandeja!" mpira ukiwa juu ya kichwa chako, na wewe hata hujui anataka nini, unaupiga kwa nguvu zako zote kama unaua nyoka, unadunda, unagonga kioo cha nyuma cha wapinzani na unarudi mpaka katikati ya uwanja, jamaa anausubiri ametulia kabisa, anauweka pale ambapo hamna mtu. Pointi imeenda. Mi nimefanya hivyo miezi kibao, tena nikidhani nina bahati mbaya.

Neno lenyewe ni la Kispania, maana yake sinia. Ile j yao inasomwa kama kh ya subalkheri, kwa hiyo ni bandekha, ingawa huku kwetu wengi tunasema bandeja kama ilivyoandikwa na hakuna anayekamatwa. Limeitwa sinia kwa sababu mkono unapopita mbele, uso wa raketi unakuwa umelala kidogo ukiangalia juu, kama mhudumu wa harusini aliyeinua sinia la soda usawa wa bega akipita katikati ya meza. Na mtu aliyebeba sinia la soda harushi mkono hovyo, anatembea nalo. Hiyo picha ishike, itakusaidia kuliko video kumi.

Sasa maana. Bandeja ni pigo la juu unalolipiga mpira haujadunda upande wako, unaukata kwa slaisi, yaani raketi inaukwangua kwa chini, kwa kama nusu ya nguvu uliyonayo, pale wapinzani wanapokuinulia lobu, mpira wa kukupita juu ya kichwa, wakitaka uondoke kwenye neti. Ndo maana anayeiona ni smeshi ya uvivu anakosea, hupigi ili umalize pointi. Unapiga ili ubaki hapo mbele. Mi huwa naiita kodi ya nyumba, yaani wewe na mwenzako mnakaa mtaa mzuri, kila lobu ikija ni mwenye nyumba kagonga mlango, unalipa bandeja, unaendelea kukaa. Ukijifanya unataka kununua nyumba nzima kwa smeshi moja, lile pigo la juu la nguvu zote, ndo unajikuta nje na mabegi.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu liko kwenye vioo. Huu mchezo ulianzia Acapulco, Mexico, mwaka 1969, kwa Enrique Corcuera, ambaye kwake nafasi ya uwanja kamili wa tenisi haikuwepo, akawa na eneo dogo lenye kuta, na kuta zikaachwa ziwe sehemu ya mchezo. Miaka michache baadaye, 1974, rafiki yake Alfonso de Hohenlohe akaupeleka Marbella, Hispania, na huko ndo ukakolea mpaka leo ukienda Dubai au Muscat unakuta viwanja kila kona, na Nairobi na Dar navyo vimeanza kuota. Uwanja ni mita 20 kwa 10, nyuma kuna kioo cha mita 3 na juu yake mita 1 ya wavu wa chuma. Kwenye tenisi mpira mkali ukishampita mtu umempita, basi. Kwenye padel mpira mkali ukimpita mtu unaenda kugonga kioo na kumrudia, na kadiri ulivyoupiga kwa nguvu ndo unavyomrudia mbali na kwa urahisi, yaani nguvu zako mwenyewe zimemfanyia kazi yeye. Kuna smeshi zinazotoka nje kabisa juu ya ile mita 4, ndiyo, na zile ukiziweza ni raha, lakini hesabu mwenyewe unaziweza ngapi kati ya kumi.

Halafu waliopo nyuma ndo wanaoteseka, wanacheza mpira wa chini, wa kioo, wa kona, huku waliopo kwenye neti wanafunga milango tu kwa voli, yaani wanaupiga kabla haujadunda. Kwa hiyo silaha ya aliye nyuma ni lobu. Lobu nzuri inakurudisha wewe nyuma na yeye anakuja mbele, mmebadilishana nyumba. Bandeja imezaliwa kuzuia huo uhamisho.

Mpira uende wapi? Mstari wa sevu, yaani wa mpigo wa kuanzisha pointi, uko mita 6.95 kutoka kwenye neti, kwa hiyo kutoka hapo mpaka kioo cha nyuma ni kama mita 3 tu, chumba kidogo. Bandeja nzuri inadunda karibu na ule mstari au nyuma yake kidogo, kwa kukatwa, inateleza chini, inafika kwenye kioo ikiwa tayari inashuka, na ikigusa kioo inaanguka pale pale kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mpinzani anapiga magoti kuutafuta. Ukiupiga mkali bila kuukata, unafika kwenye kioo ukiwa bado unapanda, basi unatoka umeinuka vizuri, anakuchagulia pa kukupiga. Upande, mara nyingi piga kwa mshazari kuelekea kona, kwa sababu vioo viwili vikikutana mtu hachelewi kuchanganyikiwa, na ukigusa wavu wa chuma wa pembeni baada ya kudunda ndo kabisa, ule wavu hauna adabu, mpira unaweza kufia hapo hapo au kuruka kokote.

Hapa kuna sheria moja inayowauma wengi: mpira lazima udunde kwanza upande wa wapinzani ndo uguse kioo au wavu wao. Ukienda kwenye kioo moja kwa moja, umekosa, hata kama ulikuwa mzuri kiasi gani. Wanaotoka kwenye tenisi wanaliona hilo haraka maana ni sawa na kutoa nje, ila wanaotoka kwenye skwoshi wanahangaika nalo. Na raketi au mwili ukigusa neti pia pointi imekwenda, kwa hiyo lobu fupi iliyo juu kabisa ya neti usiifuate kama kipofu.

Namna ya kupiga. Kwanza mshiko, shika raketi kama panga la kukatia kuni, ukingo wa raketi ndo makali. Ukiishika kama mwiko wa ugali, uso umeangalia mbele, slaisi haipo, utausukuma tu. Lobu ikiinuka, kitu cha kwanza ni miguu, geuka ubavu papo hapo, mguu wa kulia nyuma kama unatumia mkono wa kulia, na rudi kwa hatua za kupishana ukiwa ubavu, usirudi kinyumenyume kama unamwogopa mbwa maana ndo watu wanavyoanguka na kuvunjika kiwiko, nimeona. Mkono wa kushoto unyooshee mpira, kiwiko cha kulia kiinuke juu, raketi iwe tayari nyuma ya kichwa kabla mpira haujaanza kushuka. Smeshi unaifikia juu kabisa mkono umenyooka, bandeja unaisubiri ishuke kidogo, usawa wa macho au paji la uso, mbele yako na pembeni kidogo. Unakata chini na nje ya mpira, mkono unaendelea kwenda mbele polepole, sinia halijamwagika. Halafu hatua mbili tatu mbele kurudi kwenye nafasi yako. Wengi wanaisahau hii ya mwisho, wanapiga vizuri kisha wanasimama kuutazama mpira wao kama wamechora picha, na wapinzani wanawawekea mpira miguuni.

Dada mmoja ninayecheza naye aliniambia siku moja, "Kaka, hivi wewe unapiga bandeja halafu unapiga na picha?" Nilikasirika kidogo. Ila alikuwa sahihi.

Sio kila lobu ni ya bandeja pia. Ikiwa fupi, iko karibu na neti na umeshaiwahi, hiyo smeshi, maliza. Ikiwa ndefu sana mpaka unaona hutaifikia bila kujipinda mgongo, iache ipite, idunde, itoke kwenye kioo, cheza kutoka nyuma, kubali umehamishwa leo na utarudi kwa lobu yako mwenyewe. Bandeja ni ya zile za katikati, na kwa bahati mbaya au nzuri za katikati ndo nyingi.

Kuhusu raketi, watu wanauliza sana na nitapita haraka. Raketi ya padel haina nyuzi, ni kipande kizima chenye matundu, unene wake hauruhusiwi kuzidi milimita 38, ndani kuna povu, nje faiba au kaboni, na kamba ya mkononi ni lazima kisheria, ivae, sio pambo. Zipo za duara, za umbo la tone la maji na za umbo la almasi. Ya almasi uzito uko kichwani, inapiga smeshi kama nyundo lakini mkono unachelewa na ukikosea katikati yake kidogo tu mpira unaenda unakotaka wenyewe. Kama bado unajifunza bandeja, chukua ya duara, sehemu yake nzuri ya kupigia ni pana na iko katikati, na kiwiko chako kitakushukuru maana maumivu ya kiwiko kwenye mchezo huu ni ya kawaida mno. Najua ya almasi ndo inapendeza kwenye picha. Basi nunua stika.

Kitu ambacho sikukitegemea ni hali ya hewa. Dar iko usawa wa bahari, jioni unyevu ni mwingi, mipira inalowa, inakuwa mizito, vioo vinatoa jasho na mpira ukigusa kioo kilicholowa unateleza chini badala ya kutoka, kwa hiyo bandeja ya kawaida tu inakuwa sumu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa nyepesi, mpira unaruka kuliko ulivyozoea. Nilicheza huko mara moja na bandeja zangu nne za mwanzo zote zilienda kwenye kioo moja kwa moja bila kudunda. Wenyeji waliniambia punguza mkono, ongeza kukata, nikafanya hivyo ikakaa sawa. Na mipira mipya vivyo hivyo, kopo likifunguliwa tu inakimbia, baada ya mechi kadhaa inalegea.

Ya mazoezi, hii moja tu imenisaidia. Tandika taulo upande wa pili, lianzie kwenye mstari wa sevu kwenda nyuma, karibu na kona, mwenzako akuinulie lobu kumi kumi, na usihesabu mara ulizolipata taulo. Hesabu mara ulizopiga kisha ukawa umesharudi kwenye nafasi yako ya neti kabla mpira haujafika kwenye kioo. Mara ya kwanza nilipata mbili kati ya kumi, na ndo nikaelewa kwamba nilikuwa napiga mkali sana, mpira unafika mapema kuliko miguu yangu. Mpira wa polepole unakupa muda wa kurudi, hiyo ndo siri ya ile nusu ya nguvu ambayo hakuna aliyenieleza, wote walisema "taratibu" bila kusema kwa nini.

Kuna binamu yake anaitwa víbora, nyoka wa sumu kwa Kispania, huyo anapigwa mpira ukiwa pembeni zaidi, kwa kasi zaidi na spini ya ubavuni, yaani mpira unazunguka kwa upande, unauma kwenye kona. Mtamu. Lakini ukiwa bandeja hujaitia mkononi, víbora yako itakuwa smeshi mbovu yenye jina zuri. Ukitaka kuona ya mtu aliyeitia mkononi, tafuta video za Fernando Belasteguín wa Argentina, aliyekaa namba moja duniani miaka 16 mfululizo, na utazame miguu yake, mpira uache.

Mimi bado inanitoka. Jumamosi iliyopita tulikuwa 40 kwa 40, tunacheza pointi ya dhahabu, ile moja inayoamua gemu na wanaopokea ndo wanachagua upande wa kupokelea. Wakachagua, nikasevu, wakainua lobu ya katikati kabisa, ya kitabuni. Nikachelewa kugeuka, mpira ukawa umeshanipita kidogo nyuma ya sikio, nikaukata hivyo hivyo, ukaenda kwenye kioo moja kwa moja. Yule dada hakusema kitu, akanionyesha tu kwa mkono: sinia, limemwagika.