Nyumba ya Pembe Saba na mali iliyopita Unguja

Nyumba ya zamani haisomwi kwa kutazamwa usoni. Nilipokuwa mwanafunzi wa uhifadhi wa majengo katika Mji Mkongwe wa Unguja, mwalimu wetu alikuwa akitupandisha darini kwanza, kisha anatushusha jikoni, na sebuleni tulifika mwisho kabisa, kwa sababu sebule hupambwa ili mgeni aone, ilhali darini fundi huiacha kazi yake kama ilivyo. Baadaye shughuli zangu zilinipeleka kwenye nyumba za mbao za jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na huko nikaona kwamba kanuni ile inafaa vilevile. Nyumba ninayotaka kuieleza leo imo katika mji wa bandari wa Salem, nayo ni mfano mzuri wa jengo ambalo sura yake ya mbele humdanganya mtazamaji huku paa lake likisema kweli.

Kwa Kiingereza inaitwa House of the Seven Gables. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa ile pembetatu ya ukuta inayochongoka kati ya migongo miwili ya paa, kwa hiyo hapa nitaiita pembe, nikijua kwamba msomaji wa pwani akisikia pembe atawaza ndovu. Si vibaya, maana ndovu nao watatokea kabla hatujamaliza.

Aliyeijenga, mwaka 1668, alikuwa nahodha na mfanyabiashara aitwaye John Turner. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ndogo: vyumba viwili chini, viwili juu, na katikati dohani kubwa ya matofali iliyopasha joto pande zote mbili. Kwa mtu aliyezoea nyumba za mawe, jambo la kushangaza ni kwamba kuta za nyumba kama hii hazibebi kitu. Mzigo wote hubebwa na kiunzi cha miti mizito, nguzo na boriti zilizounganishwa kwa ndimi na vitundu, kisha zikafungwa kwa vigingi vya mbao. Ukuta ni nguo tu iliyovishwa juu ya mifupa hiyo. Katika Mji Mkongwe ni kinyume, kwani ukuta mnene wa mawe na chokaa ndio unaobeba, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Faida ya kiunzi cha mbao kwa mtu wa kazi yangu ni kwamba hakisahau. Fundi akiondoa boriti, kitundu chake hubaki wazi kwenye nguzo, na hata miaka 200 baadaye tundu lile tupu hutwambia kwamba hapa palikuwa na kitu.

Turner alipata mali kwa samaki. Salem ilisafirisha ng'onda, yaani samaki waliotiwa chumvi na kukaushwa, hadi visiwa vya Karibi, hususan Barbados, na merikebu zikarudi na sukari, molasi na ramu. Samaki wa daraja la chini ndio waliolishwa watumwa waliolima miwa. Kila ninapoona nyumba za karne ya 17 katika bandari hizi zikisifiwa kuwa ni matunda ya uchapakazi wa watu wacha Mungu, hukumbuka ni nani aliyekuwa mlaji wa ng'onda ile. Biashara ilikwenda vizuri, kwa sababu haikupita hata miaka kumi Turner akaongeza upande mzima wa kusini uliotazama bandari, wenye dohani yake, dari za juu zaidi, na orofa iliyochomoza mbele kuliko chumba cha chini kwa mtindo wa Kiingereza wa zama zile. Pembe za paa ziliongezeka kwa namna hiyo, moja moja, kila chumba kilipozaliwa. Hakuna mtu aliyekaa akachora nyumba yenye pembe saba. Turner mwenyewe hakuifaidi sana, kwani alifariki mwaka 1680 akiwa na umri wa miaka 36.

Mwanawe, John Turner wa pili, ndiye aliyeutajirisha ukoo kupita wote. Alizivika kuta za sebule mbao zilizorandwa na kuchongwa kwa ufundi mpya wa karne ya 18, akabadilisha madirisha, na katika nyumba hiyo waliishi pia Waafrika aliowamiliki kama watumwa. Ni jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii, kwa kuwa wamezoea kudhani utumwa wa Marekani ulikuwa wa mashamba ya kusini peke yake. John wa tatu aliipoteza mali, na mwaka 1782 nyumba ikauzwa kwa nahodha Samuel Ingersoll.

Ingersoll akazikata pembe. Watembezaji wa wageni hulieleza jambo hili kwa masikitiko, lakini mimi simlaumu. Kwanza, mtindo ulikuwa umebadilika: matajiri wa Salem walitaka nyumba za umbo la sanduku lililonyooka, zenye madirisha yaliyopangwa sawasawa, kama ile ya matofali ambayo familia ya Derby ilikuwa imejenga mwaka 1762 hatua chache kutoka hapo. Pili, na hili ndilo analolijua kila aliyewahi kuziba paa linalovuja, kila pembe inayoongezwa huzaa mabonde mawili ambapo migongo ya paa hukutana, na bonde la paa ndipo maji yanapokaa. Katika nchi yenye theluji, maji hayo huganda, huyeyuka na kuganda tena, hadi mbao zinaoza. Mwenye nyumba anayepunguza mabonde anapunguza gharama.

Binti yake, Susanna Ingersoll, ndiye aliyerithi, akaishi humo peke yake miaka mingi, na mgeni wake mmoja alikuwa jamaa yake, mwandishi Nathaniel Hawthorne. Wakati huo pembe zilizobaki zilikuwa tatu tu. Zile nyingine Hawthorne alizisikia kwa masimulizi. Riwaya aliyoichapisha mwaka 1851 ndiyo iliyoipa nyumba jina linalotumika mpaka leo, kwa hiyo hesabu ya saba ilikaa kitabuni kabla haijarudi kwenye paa.

Hapa lazima niiache nyumba hii kwa muda na kwenda mtaa wa Essex, mjini Salem humohumo, kwenye jumba la matofali lenye urembo wa mawe ya rangi ya kahawia, lililojengwa mwaka 1855 kwa mtindo wa Kiitalia uliopendwa wakati ule. Mwenyewe alikuwa nahodha John Bertram, aliyezaliwa mwaka 1796 katika kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, akaletwa Marekani akiwa mtoto. Bertram alikuwa miongoni mwa manahodha wa Salem waliofungua biashara ya kudumu na Unguja katika miaka ya mwanzo ya 1830. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard P. Waters, aliyefika Unguja mwaka 1837, naye alikuwa mtu wa Salem. Kwa muda wa kizazi kimoja mji huu mdogo, ambao wengi Afrika Mashariki hawajausikia, ulikuwa na uzito mkubwa katika forodha ya Unguja kuliko London.

Walileta nini? Msomaji anaweza kukisia kwa neno lililobaki midomoni mwetu: merikani. Ilikuwa nguo ya pamba, nzito, isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na majimbo ya jirani, na wateja waliipenda kwa kuwa haikuwa imejazwa wanga ili ionekane nzito kisha ipwaye baada ya kufuliwa mara moja. Misafara iliibeba bara kama fedha, ikipimwa kwa doti na jora, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na mahitaji ya njiani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe ilizoleta zilibebwa hadi pwani mabegani mwa watu, huru na watumwa. Kutoka Unguja merikebu ziliondoka na pembe, karafuu, ngozi na sandarusi. Pembe nyingi ziliishia jimbo la Connecticut, zikachanwa kuwa vitana na vibao vyeupe vya piano, katika mji ambao mpaka leo unaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe.

Sandarusi inastahili maneno zaidi, kwa sababu sisi watu wa majengo tunaikuta bila kuitambua. Ni utomvu wa miti ya kale ulioganda ardhini, ukachimbuliwa katika pwani ya Mrima. Ukifika ghafi huwa umevaa gome la mchanga. Salem ilikuwa na kiwanda cha kuuosha kwa magadi, na gome likishatoka, uso wake hubaki na vinundu vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyesisimkwa na baridi. Kisha uliuzwa kwa watengenezaji wa vanishi, kwa sababu vanishi ya sandarusi ni ngumu, inang'aa, na haichubuki upesi. Meza, magari ya farasi na milango ya watu wenye uwezo wa karne ya 19 ilipakwa vanishi ya namna hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi wa pamba, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi ya merikani, na mwaka 1870 merikebu iitwayo Glide ikawa ya mwisho kuingia Salem na shehena ya Unguja.

Bertram hakuwa mtu wa Unguja peke yake. Alifanya biashara na California wakati watu walipoikimbilia dhahabu huko, akaweka fedha katika reli, na itakuwa kutia chumvi nikisema kila tofali la jumba lake lilitoka kwenye sandarusi. Lakini mlango aliopitia kuingia katika utajiri mkubwa ulikuwa ule. Aliposhakuwa tajiri aligharimia hospitali ya mji na makazi ya wazee wasio na uwezo, akafariki mwaka 1882, na mwaka 1887 warithi wake waliutolea mji jumba la mtaa wa Essex liwe maktaba ya umma. Ndivyo lilivyo hadi leo.

Mjukuu wake, Caroline Emmerton, ndiye anayeturudisha kwenye pembe za paa. Mwaka 1908 aliinunua nyumba ya Turner kwa sehemu ya urithi wake, akamwajiri msanifu Joseph Everett Chandler, na kwa muda wa miaka miwili wakairudishia sura iliyopotea. Darini walikuta dalili za mahali pembe za zamani zilipokuwa zimeshikizwa, na hapo tunaona faida ya kiunzi kisichosahau: pembe hazikurudishwa kwa kubahatisha. Lakini walifanya pia mambo ambayo mimi, kwa maadili ya kazi yetu ya sasa, nisingethubutu. Waliongeza duka dogo kwa sababu tu riwaya ya Hawthorne ina duka, na dohani ya kati ilipojengwa upya ikazungushiwa ngazi ya siri, nyembamba kiasi kwamba mtu mnene hupita ubavu. Wageni huipenda ngazi hiyo kuliko kitu chochote kingine ndani ya nyumba, ambayo ina dari za mwaka 1668 na mbao zilizochongwa karne ya 18 wanazozipita bila kugeuza shingo.

Wenzangu wengi humkosoa Emmerton kwa hilo, na kwa upande wa ufundi wana haki. Tatizo ni kwamba hakununua nyumba ili apate makumbusho. Alitaka kiingilio cha wageni kigharimie madarasa na huduma kwa wahamiaji waliokuwa wakimiminika katika mtaa ule wa bandari, wengi wao kutoka Poland, na makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1910 ndivyo ilivyokuwa. Taasisi hiyo bado inawahudumia wahamiaji mpaka sasa. Duka na ngazi viliuza tiketi. Kwa hiyo ninapoandika ripoti kuhusu jengo kama hili, huviandika vitu hivyo kama tabaka halali la mwaka 1910, lenye mwenyewe na sababu yake, sawa na mbao za Turner wa pili au msumeno wa Ingersoll. Nikiambiwa niving'oe leo ili nyumba iwe ya kweli zaidi, ningeuliza kwanza: ya kweli kwa mwaka upi?

Ila kuna sehemu ya habari hii ambayo hakuna kitundu wala boriti inayoweza kuieleza. Nyaraka za Waters, yule konsuli, zimehifadhiwa katika maktaba ya makumbusho ya Peabody Essex, na anayetaka kujua mali ya Salem ilipimwaje lazima asome barua na hesabu za wafanyabiashara wale. Nguo waliyoileta sisi tukaipa jina la nchi yao. Wao, walipofika kwenye pembe na sandarusi, hawakuandika kipimo chao cha Kiingereza; waliandika kwa herufi zao, ukurasa baada ya ukurasa, frasila.