Kitoto cha mbwa kikipoa, usikimbilie maziwa

Kila ikifika Juni na Julai, baridi ya Arusha ikishaanza kuuma, meseji zinazoingia kwenye simu yangu usiku zinafanana: "Dokta samahani kwa usumbufu, mbwa wetu kazaa juzi, kitoto kimoja kimelegea hakinyonyi, na mama yake anakisukuma pembeni, tukipe maziwa gani?" Na kabla sijagusa habari ya maziwa huwa nauliza swali moja, hebu ingiza kidole kidogo mdomoni mwake, ndani kuna joto au baridi? Mara nyingi jibu ni baridi. Basi hapo maziwa yawekeni kando kwanza. Nimeona niliandike hili kwa urefu maana vitoto vingi ninavyoletewa wiki ya kwanza tatizo halikuanza na njaa, limeanza na kupoa, halafu mtu kwa huruma yake akamimina maziwa juu ya ule ubaridi.

Iko hivi. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kutetemeka, mafuta chini ya ngozi karibu hana, macho na masikio yamefunga, yaani joto lake lote anategemea mama, wenzake na pale alipolazwa. Wiki ya kwanza joto la mwili wake ni nyuzi 35 mpaka 37 hivi, wakati mama yake yuko 38 na nusu kupanda. Likishuka kwenye 34 kwenda chini, nguvu ya kunyonya inakata na utumbo unasimama, haufanyi kazi. Sasa wewe ukimpa maziwa kwa sirinji yanabaki tumboni yanachacha, tumbo linajaa gesi, au mabaya zaidi yanapita njia ya hewa kwenda kwenye mapafu kwa sababu hata kumeza vizuri hawezi, na hapo ndo unasikia "dokta kalikuwa kanakunywa vizuri tu mara kakafa".

Na lile la mama kumkataa. Watu wanasema ni kwa vile mmekishika kwa mikono, harufu ya mtu imeingia. Kwa mbwa aliyewazoea mikono yenu kwa kawaida haina shida, mama anachokigundua ni kwamba kile kitoto ni cha baridi na hakijitikisi, ndo anakisogeza. Nimeona vitoto vingi vikishapashwa joto vikarudishwa na mama akavipokea, akavilamba, vikanyonya. Kwa hiyo msikimbilie kusema ana roho mbaya.

Kukipasha joto fanya taratibu, saa moja mpaka tatu, usiwe na haraka. Njia nzuri kuliko zote ni mwili wako, kiweke ndani ya shati kifuani kwenye ngozi, vaa sweta juu, kaa nacho huku unakisugua mgongo polepole na kitambaa kikavu. Au chupa ya plastiki yenye maji ya moto, imefungwa kwenye kipande cha kanga au soksi nene, kilale pembeni yake na sio juu yake. Usikitumbukize kwenye maji ya moto na usikiweke uso kwa uso na hita, ngozi yao inaungua upesi sana na mishipa ikifunguka ghafla kinaweza kufa mikononi mwako. Wakati unasubiri pakaza tone moja moja la maji ya glukosi kwenye fizi, tone tu, usimimine. Kikishapata joto, kikaanza kulia na kufyonza kidole, hapo kipeleke kwenye chuchu za nyuma ambazo ndo huwa na maziwa mengi, bana tone litoke, kishike mpaka kikamate.

Sasa pa kulala. Boksi kubwa au sanduku la mbao, kuta za kuzuia upepo, mama aweze kuruka kutoka lakini vitoto visiweze. Ndani pembezoni pigilia papi (vipande vyembamba vya mbao) kuzunguka, juu kidogo ya sakafu na iache nafasi na ukuta, mama akijilaza kitoto kilichokwama nyuma yake kinapata upenyo badala ya kubanwa ukutani, maana majike makubwa kama German Shepherd na Boerboel wanalalia watoto bila hata kujua. Chini weka magazeti, juu yake vitambaa visivyotoa nyuzi, badilisha kila siku. Wiki ya kwanza pale wanapolala pawe nyuzi 29 mpaka 32, baadae unashusha kidogo kidogo, wiki ya nne 24 hivi inatosha. Balbu ile ile ya vifaranga inafaa, ining'inize upande mmoja tu wa boksi ili anayesikia joto aweze kutambaa kwenda upande wa pili, na mama naye asikose pa kupumua. Wakilala wamerundikana wanalia, ni baridi. Wakitawanyika kila mtu kona yake wanahema, ni joto limezidi. Wakilala wamegusana kidogo, kimya, miili inashtukashtuka usingizini, wako sawa kabisa.

Nawaomba sana, jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba walicholala, hata kama umeme umekatika. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua vitoto, mama na hata binadamu. Umeme ukikata rudi kwenye chupa za maji ya moto.

Halafu siafu. Huku kwetu kwenye mashamba ya migomba na kahawa siafu wakipita usiku wanamaliza boksi zima, vitoto havina pa kukimbilia. Inua boksi, miguu yake iwekwe kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, na safisha majani pembeni. Walioko Pwani adui yenu mwingine ni yule nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na vitambaa vyenye mkojo, funza anaingia kwenye ngozi, unakuta kitoto kina vipele vyenye tundu katikati. Vitambaa vyote vipigwe pasi ya moto pande zote na msilaze watoto juu ya mchanga.

Mizani. Nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu nitachagua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Wapime kila siku saa ile ile, andika kwenye daftari, kila mmoja mpake rangi ya kucha ya rangi yake (usifunge uzi shingoni, wanakua haraka na unakaba). Siku ya kwanza kupungua kidogo, isizidi asilimia 10, ni kawaida. Baada ya hapo kila siku lazima uzito upande, na kufika siku ya 10 mpaka 14 awe ameshafika mara mbili ya alivyozaliwa. Ambaye leo hajaongezeka usimsubiri mpaka kesho kutwa, msaidie leo, kwa sababu mizani inakuonyesha tatizo kabla jicho halijaliona.

Tukija kwenye maziwa yenyewe, hakuna linaloshinda dang'a ya mama, yale maziwa ya mwanzo yenye kinga, na utumbo wa kitoto unaipokea ile kinga kwa masaa 24 ya kwanza tu, tena zile saa 12 za mwanzo ndo zenyewe. Kwa hiyo hakikisha kila mmoja kanyonya. Kama mama kafa au hana maziwa tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Ya ng'ombe peke yake hayatoshi, ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili au zaidi ya hayo, ukiyaongeza maji ndo unaua kabisa. Ukikwama usiku chukua kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyochemka, viini vitatu vya mayai bila ute, kijiko cha chai cha mafuta ya kula na chumvi chembe, koroga, chuja, yawe vuguvugu. Hiyo ni ya kuvushia siku moja mbili tu. Kila baada ya masaa mawili matatu, usizidishe mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa mlo mmoja. Kilale kifudifudi kama kinavyonyonya kwa mama, kamwe usikilaze chali kama mtoto wa binadamu. Baada ya kula futa sehemu za nyuma na pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka kikojoe, hakiwezi chenyewe, mama huwa anafanya hivyo kwa ulimi.

Mama naye msimsahau, watu wakishaona watoto macho yote yanahamia kule. Wiki ya tatu na ya nne anahitaji chakula mara mbili mpaka tatu ya kawaida, ugali mtupu na mchuzi hautoshi, ongeza dagaa, utumbo uliopikwa, mayai ya kuchemsha, na maji yawepo muda wote. Uchafu wa kijani iliyoiva au wa kahawia unaomtoka baada ya kuzaa usikutishe, unaweza kwenda wiki kadhaa ukipungua, ila ukinuka vibaya au ukawa usaha na yeye ana homa, chakula hali, mlete siku hiyo hiyo. Shika chuchu zake kila siku, yenye moto, ngumu, nyekundu, anayolia ukiigusa, hiyo ina maambukizi.

Na kuna hili linaloua ndani ya masaa. Wiki ya pili mpaka ya nne hivi, hasa mbwa wadogo wenye watoto wengi, mama anaanza kuhangaika, anahema, anatembea kakakamaa, misuli inatetemeka, mwili unachemka. Kalsiamu imeisha kwenye damu. Wafugaji mnaijua homa ya maziwa ya ng'ombe, chanzo ni hicho hicho ila ng'ombe anapoa na mbwa anachemka. Mtoe watoto, mkimbize kwa daktari achomwe kalsiamu kwenye mshipa taratibu huku moyo unasikilizwa. Msimchome wenyewe nyumbani. Hivyo hivyo sindano ya uchungu ile ya kuharakisha kuzaa, kama kitoto kimekwama kizazi kinaweza kupasuka. Na diklofenaki, zile dawa za maumivu za kwenye kabati, zibaki za watu, kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Minyoo: vitoto vinazaliwa nayo tayari, inapita kwa mama tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo dawa inaanza wiki ya 2, halafu ya 4, 6 na 8, kwa uzito, na mama anakunywa pamoja nao. Minyoo hii inaingia na kwa binadamu, watoto wenu wanawe mikono wakishacheza nao. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe msiwaogeshe, viroboto watoeni kwa kitana chembamba na maji ya sabuni ya vuguvugu kisha kaushia hapo hapo.

Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vitoto, inaanza wiki ya 6 mpaka 8 na inarudiwa, ya kichaa cha mbwa kwa kawaida wakifika miezi mitatu, lakini ikipita kampeni ya chanjo mtaani kwenu hata wadogo wapelekeni, wanaruhusiwa. Kabla ya wiki ya 8 msiwagawe, hata mteja akisisitiza vipi. Mkija kliniki mara ya kwanza mje na mama pia, na lile daftari la uzito, na vitoto viwe kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto, visipakiwe kwenye buti la gari.