Ufahamu wa kusoma: kwa nini kijana anasoma bila kukwama na bado haelewi

"Basi lilipoanza kushuka Kitonga, mama akafumba macho mpaka Ruaha Mbuyuni."

Muulize kijana wa Ilula, mkoani Iringa karibu na mlima Kitonga, kwa nini mama alifumba macho, atakucheka. Ni mteremko ule, kona zile, na malori. Kijana wa Mtwara anaweza kujibu kwamba mama alisinzia. Wote wawili wamesoma maneno yaleyale, tena bila kukwama.

Hapo ndipo ulipo ufahamu. Kutamka maandishi ni kazi moja. Kuyapatia maana, kwa kuchanganya kilichoandikwa na kile ambacho msomaji anakijua tayari, ni kazi nyingine. Mwandishi hasemi yote. Huacha mapengo akitegemea msomaji atayaziba.

Kwa hiyo, katika yote yanayoathiri ufahamu wa vijana, mimi huanza na maarifa waliyonayo kabla ya kufungua kitabu. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani, rika la kidato cha kwanza na cha pili kwetu, habari ya mchezo wa besiboli. Waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini wanaujua mchezo, waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Huku kwetu tungetumia viazi. Mtoto wa Uyole aliyebeba bomba la dawa mgongoni ataimaliza makala ya bakajani, ugonjwa wa viazi, na kukusahihisha. Mpe mwenzake wa Makete, ambaye hajafika pwani, kifungu cha mashua iliyokaa mchangani kungoja maji yajae. Atashangaa maji yatatoka wapi, na mwalimu atamwita mzito.

Linalofuata ni msamiati, na hapa mzigo wetu una uzito wake. Mtoto amelelewa kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Usanisinuru anaujua, jina lake jipya ndilo halijui. Marcella Hu na Paul Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000 kwa watu wanaojifunza Kiingereza, waliona kwamba ili wengi waelewe hadithi bila msaada, wanahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yake. Kwenye ukurasa wa maneno 300, maana yake maneno mageni yasizidi 6. Kitabu cha baiolojia huweza kuyamaliza hayo sita katika aya ya kwanza.

Kasi nayo ina nafasi yake. Anayekokota silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau ilivyoanza, maana akili yote imeishia kwenye herufi. Njaa, usingizi mchache, simu inayoita kila dakika, macho yasiyoona ubao (hili la macho husahaulika mno, na mtoto huishia kuitwa mtoro wa mawazo) huongeza ugumu.

Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kihesabu mwaka 1986: ufahamu ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, mara uelewa wa lugha. Wameweka mara, hawakuweka kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani.

Hesabu hiyo inampa mzazi kipimo cha jioni moja. Msomee kijana kifungu kwa sauti, yeye asikilize tu, kisha akusimulie. Akielewa kwa kusikia lakini haelewi akisoma mwenyewe, kwanza angalia macho yake, kisha usomaji wa maneno. Asipoelewa hata kwa kusikia, mwelezee kifungu hichohicho kwa Kiswahili. Uso ukifunguka, kilichomkwamisha ni Kiingereza. Bado anakutazama tu? Muulize kama amewahi kuona bahari.