Je, wajua VVU huwaondoaje walinzi wa seli?

Kila mkazi wa Nairobi anaijua ile X nyekundu. Ikipakwa kwenye kibanda chako kando ya barabara, anza kufungasha: tingatinga li njiani. Sasa chukua mwizi anayepita usiku na kopo la rangi, akapaka X kwenye kibanda cha soja wa ploti. Asubuhi kanjo, askari wa kaunti, wanabomoa bila kuuliza. Mwizi hakurusha hata jiwe.

VVU hufanya vivyo hivyo. Kirusi hiki kina jeni 9 tu. Nne kati yake, vif, vpr, vpu na nef, hutengeneza protini ziitwazo za ziada, kwa sababu katika baadhi ya seli za maabara kirusi kilizaana vizuri bila hizo. Jina hilo linapotosha; ndani ya mwili wa mtu zina kazi nzito.

Soja mmoja wa seli anaitwa APOBEC3G, aliyetambuliwa mwaka 2002. Hujipenyeza ndani ya kirusi kipya, akasafiri nacho hadi seli inayofuata. Huko, kirusi kinaponakili jeni zake kuwa DNA, yeye huharibu herufi za DNA hiyo moja baada ya nyingine, C ikawa U, mpaka nakala inakuwa takataka. Vif humwahi kabla hajapanda: humfikisha kwa vimeng'enya vya seli yenyewe, navyo humbandika ubikwitini, protini ndogo ambayo ndiyo X yetu. Mashine ya seli ya kusaga protini humaliza kazi.

Vpu humwondoa soja mwingine, tetherini, anayefunga virusi vipya kwenye ngozi ya seli kama mbuzi kambani. Vpr husimamisha seli isigawanyike.

Nef ndiye mjanja kupita wote. Kila seli hutundika nje vipande vya protini zake ili seli za kinga zikague, kama kitambulisho getini. Nef hushusha vitambulisho hivyo. Lakini seli isiyo na kitambulisho chochote huuawa na kundi lingine la walinzi, kwa hiyo Nef huacha baadhi ya aina, kama HLA-C, zikining'inia. Hapo mimi hubaki mdomo wazi.

Huko Sydney, Australia, watu kadhaa waliongezewa damu ya mtu mmoja mwenye VVU iliyopungukiwa sehemu ya nef. Walikaa miaka mingi bila kuugua, ingawa baadaye kinga ya baadhi yao ilianza kushuka.