Waya za chini ya antena si lazima ziwe robo ya wimbi
Hapa Tabora wapenzi wa redio tumerithishana kwamba kila waya inayotandazwa ardhini kuzunguka antena ya wima lazima ikatwe robo kamili ya wimbi, yaani robo ya urefu wa wimbi la redio linalorushwa. Kwa masafa ya megahezi 7, kama mita 10.7. Sivyo. Waya ikishalala chini, udongo wenyewe huvuruga kipimo hicho. Kazi ya waya hiyo ni kuurudishia mkondo wa umeme njia rahisi, usipotelee kwenye mchanga mkavu wa kiangazi. Igiza antena hiyo kwenye kompyuta (NEC-4, programu ya kukokotoa antena, hukubali hata waya zilizofukiwa): mita 80 za waya zikikatwa vipande 16 vya mita 5 huvishinda kwa kazi hiyo vipande 4 vya mita 20. Waya zilizoinuliwa hewani ni habari nyingine. Hizo pima kwa makini.